Injini Kubwa, Kadi Ileile

Je, mtu aliyenunua pikipiki kwa jasho lake ana haki ya kuifungua uani kwake na kuiongezea nguvu bila kumwambia mtu? Swali hili linaonekana dogo, tena la mafundi. Najua wapo watakaosema: jarida hili ni la fasihi na fikra, pikipiki zinaingiaje hapa? Mimi nasema zinaingia, tena kwa mlango wa mbele. Kwetu Itiryo, huku kwenye vilima vya Tarime karibu na mpaka wa Kenya, mjadala mkali kuliko yote niliyowahi kuisikia juu ya uhuru wa mtu na uaminifu wake haukufanyika kanisani wala darasani. Ulifanyika kijiweni, na mada ilikuwa bloki ya pikipiki.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, maana si haki kulihukumu jambo usilolijua. Pikipiki nyingi za bodaboda vijijini ni za Kichina, na nyingi miongoni mwake zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125. Wajapani waliianza injini hiyo mwaka 1976 wakizifikiria nchi kama zetu, ambako chombo hufanyishwa kazi ya punda na matengenezo huja kwa bahati. Ndani yake tundu la pistoni lina upana wa milimita 56.5, na pistoni inatembea juu na chini milimita 49.5. Ukipiga hesabu ya eneo la duara mara urefu, unapata sentimita za ujazo 124, ambazo kwenye karatasi huitwa cc 125. Sasa ipo bloki nyingine ya ukoo uleule yenye tundu la milimita 62. Mwendo wa pistoni haubadiliki, lakini ujazo unafika 149, yaani cc 150. Bloki hiyo, pamoja na pistoni na ringi zake, inauzwa dukani kama spea nyingine yoyote.

Basi kijana ananunua seti hiyo, anatandika gunia uani, anafungua tangi, ekzosi na kabureta, anavua hedi, anang'oa bloki ya zamani. Mara nyingi bloki mpya haikubali kukaa hivi hivi. Slivu yake ni nene, haiingii kwenye mdomo wa injini, kwa hiyo mdomo huo hupelekwa kwa mchonga vyuma ukapanuliwe. Hedi nayo ina hesabu yake. Ukiweka bloki kubwa chini ya hedi ileile ya zamani, hewa nyingi zaidi inabanwa katika kijumba kilekile. Mbano uliokuwa 9 kwa 1 unapita 10 kwa 1, na injini inaanza kuchemka na kugonga. Fundi mwenye akili anatafuta hedi ya 150, anabadili na jeti ya kabureta ili petroli ilingane na hewa. Fundi mwenye haraka anafunga, anapiga kiki, ikiwaka anasema imekubali.

Jioni pikipiki inapanda kwa gia ya tatu kilima ambacho jana ilikuwa ikilia kwa gia ya pili. Kwa nje ni ileile: rangi ileile, namba ileile, na kadi ileile iliyoandikwa 125.

Mtetezi wa kwanza wa kazi hii ni mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye ndiye mwenye pikipiki ninayoizungumzia. Huyu si mhuni. Amemaliza kidato cha nne na hesabu anazijua kunishinda. Aliniambia hivi: "Kaka, mlima umeniibia. Mimi nachukua changu tu."

Nikamwambia anieleze, akanieleza. Injini haili petroli peke yake, inakula hewa, na hewa ya huku juu ni nyepesi. Katika mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Injini inayojivutia hewa yenyewe, kama hizi zetu, inapoteza nguvu kwa kiasi kama hicho hicho. Bloki ya tundu 62 inaongeza ujazo kwa asilimia 20. Sasa chukua 120, toa asilimia 15 iliyoliwa na mlima, unabaki na 102. "Kwa hiyo hii yangu ya 150 ikiwa Itiryo," akasema, "ni sawasawa na 125 ikiwa Tanga. Nimeongeza nini hapo? Nimejirudishia."

Nakiri hoja hii ilinifurahisha, na bado inanifurahisha. Kwanza ni ya kweli. Pili inatufundisha kwamba namba iliyoandikwa kwenye kadi haisemi nguvu, inasema ukubwa wa tundu. Mtu wa pwani na mtu wa mlimani wakishika kadi zenye namba moja, hawajashika kitu kimoja. Mara ngapi tumeambiwa tuko sawa kwa kuwa karatasi zetu zinafanana!

Tena kazi hii ya kuchokonoa vyuma nyumbani ina ukoo mtukufu. Mwaka 1946, Japani ikiwa imeangamizwa na vita, Soichiro Honda alichukua viinjini vidogo vilivyokuwa vya mitambo ya redio za jeshi akavifunga kwenye baiskeli kule Hamamatsu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa kampuni iliyokuja kuitengeneza CG. Laiti angetokea mtu akamwambia aache mara moja, kwa kuwa kiinjini kile hakikukusudiwa kwa baiskeli, leo tungekuwa tunatembea kwa miguu kwenda mnadani. Kwa hiyo anayesema kwamba kijana wa kijijini hana ruhusa ya kubadili alichobuni mwingine, asitafute neno zuri la kufunikia anachosema. Anasema kwamba kufikiri ni kazi ya Wajapani na Wachina, sisi kazi yetu ni kupiga kiki.

Utetezi wa pili ni mgumu zaidi, nao ulitoka kwa fundi mmoja pale kijiweni. Yeye aliuliza: kukarabati kunaishia wapi na kubadili kunaanzia wapi? Tazama. Bloki ikilika, moshi ukianza kutoka, mwenye pikipiki hanunui bloki mpya. Anaichongesha, anaweka pistoni kubwa kidogo. Zinakuja kwa hatua: robo milimita, nusu, robo tatu, mwisho milimita nzima. Bloki ya 56.5 ikifikishwa 57.5, ujazo wake unakuwa 128 na ushei. Tayari imeivuka ile 125 ya kwenye kadi! Hakuna aliyewahi kuitwa mwongo kwa sababu hiyo. Wote tunasema kaitengeneza pikipiki yake. "Sasa mwalimu," fundi akaniambia, na watu wakacheka maana alijua kanibana, "nionyeshe milimita ambayo dhambi inaanzia."

Wanafalsafa wanalijua fumbo hili kwa jina jingine. Plutarch ameandika habari za meli ya Theseus, ambayo Waathene waliihifadhi wakibadili kila ubao uliooza, hata wenye hekima wakagawanyika: hawa wanasema bado ni meli ileile, wale wanasema sivyo. Wengi wetu tulipofundishwa fumbo hilo tulidhani ni mchezo wa watu wenye muda mwingi. Kumbe pikipiki ya bodaboda ya miaka mitano ni meli hiyo hiyo. Tairi si zile, cheni si ile, kiti kimeshonwa upya, kabureta imetoka kwa marehemu mwingine. Na bado mwenyewe akiiona imeegeshwa kati ya hamsini anaijua.

Nilimjibu fundi kwamba siwezi kumwonyesha milimita hiyo kwa sababu haipo. Lakini kukosekana kwa mpaka unaoonekana hakumaanishi kwamba hakuna pande mbili. Alfajiri nayo haina dakika moja ambayo usiku unageuka mchana, na hata hivyo hakuna anayechunga ng'ombe usiku wa manane akasema ni adhuhuri. Ila nilipolitafakari zaidi swali lake niliona kwamba tulikuwa tunapima mahali pasipohusika. Tulikuwa tunatazama tundu la bloki. Tungepaswa kutazama barabara.

Msomaji ambaye hajafika kwetu ajue kwamba njia za huku si tambarare. Kuna kupanda na kuna kushuka, kwa udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha unakuwa sabuni. Watu wanaongeza injini kwa ajili ya kupanda. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema ameongeza kwa ajili ya kushuka. Lakini kila kilichopanda siku moja kitashuka, na hapo ndipo mambo yanapogeuka, kwa sababu kinachopandishwa na injini hushushwa na breki.

Fikiria. Jana kwa cc 125 kijana alikuwa anapandisha gunia moja la mahindi, kilo mia. Hakuwa mwema kuliko leo. Injini ndiyo iliyomkatalia la pili. Leo injini inakubali magunia mawili, au gunia moja na mwenye gunia, au ile tunayoita mishikaki, abiria watatu wamebanana kwenye kiti kimoja. Sasa mzigo huo unageuzwa kuelekea bondeni. Breki za nyuma ni zile zile za ngoma, breki shuu zile zile, fremu ileile na shokapu zile zile. Hewa nyepesi ya mlimani, ambayo mdogo wangu aliitumia kupiga hesabu yake nzuri, inapunguza pumzi ya injini tu. Haipunguzi uzito wa gunia wala haipunguzi mteremko. Kwenye kupanda mlima ulimwibia, sawa. Kwenye kushuka haukumwibia hata chembe, ulimwachia kila kilo.

Na mwendo nao una hesabu kali ambayo macho hayaioni. Nguvu iliyomo ndani ya chombo kinachokimbia haiongezeki kama spidi inavyoongezeka, inaongezeka kwa kipeo cha pili. Ukitoka kilometa 40 kwa saa ukaenda 60, spidi imeongezeka kwa nusu, lakini kile ambacho breki inapaswa kukimeza kimezidi mara mbili na robo. Ngoma ya breki huikunja nguvu hiyo kuwa joto. Ikipata joto kupita kiasi inateleza, na mwendeshaji anakanyaga mahali ambapo hapajibu tena. Ni kweli injini yenyewe husaidia kuzuia ukiiacha kwenye gia ndogo, na injini kubwa husaidia zaidi. Lakini tuambiane ukweli jamani: ni wangapi wanaoshuka na gia? Wengi wanaachia ishuke yenyewe, gia huru, ili kuokoa petroli. Petroli inaokolewa, na breki inabaki peke yake na dunia yote.

Kwa hiyo jibu langu kwa fundi ni hili. Kukarabati ni kukirudisha chombo katika mapatano yake. Pale kiwandani kulikuwa na mapatano: injini ya kiasi hiki, breki za kiasi hiki, cheni na fremu za kiasi hiki. Hakuna ajuaye kama yalikuwa mapatano mazuri sana, lakini kuna mtu alikaa akayapima. Pistoni ya oversaizi inayazeeka na chombo, haiyavunji. Bloki ya 62 inayavunja, kwa sababu upande mmoja umeongezewa na mwingine haujaambiwa. Dhambi, kama ipo, haimo katika milimita tano na nusu zilizoongezwa. Imo katika kuuongeza upande unaokufurahisha na kuuacha ule unaowalinda wengine.

Hapo anasimama mpinzani wa tatu, naye ni mjanja. Anasema: abiria anajua nini juu ya cc? Mama anayetoka kliniki na mtoto mgongoni anapanda bodaboda yoyote iliyo karibu. Hajawahi kuuliza kama ni 125 au 150. Ukimwambia hataelewa, akielewa hatajali, anataka kufika. Sasa umemficha nini mtu ambaye hakuwa anatafuta kitu?

Mimi naona mama huyu anatafuta kitu kikubwa sana, ila hakitafuti kwa maneno. Anapokaa nyuma ya kijana asiyemjua, anategemea kwamba mambo ambayo yeye hawezi kuyapima yamepimwa na mwenye kuyajua. Hiyo ndiyo maana ya kuamini. Nikienda hospitali sijui dawa imechanganywaje. Hilo halimpi mfamasia ruhusa ya kubadili dozi eti kwa kuwa sitagundua. Kutojua kwangu kunamwongezea wajibu. Vivyo hivyo kwa abiria. Kadiri anavyojua kidogo, ndivyo aliyeifungua injini anavyodaiwa zaidi. Na aliyeifungua, akaipanua, akaifunga, huyo hawezi tena kusema "wametengeneza Wachina." Ametengeneza yeye. Siku alipoondoa bloki ya kiwandani alikirithi kiti cha mtengenezaji, na deni la mtengenezaji likamwandama.

Sasa nifike kwenye jambo lililonitia mimi mwenyewe katika mjadala, maana mpaka hapa ningeweza kuambiwa kwamba naongea tu. Mdogo wangu aliamua kuiuza pikipiki ile. Mnunuzi alipatikana, mzee mmoja wa upande wa Nyamwaga, alikuwa anamtafutia mwanawe chombo cha biashara. Bei ilikubaliwa: milioni moja na laki tatu. Kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka, nikaitwa kuandika hati ya mauziano. Nikaandika namba ya usajili, namba ya injini, namba ya fremu, rangi. Nikafika kwenye ukubwa wa injini, kalamu ikasimama.

Mdogo wangu aliliona hilo. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini: "Kaka, andika 125. Kadi inasema 125, TRA wanajua 125. Sisi ni nani tubishane na serikali?"

"Na mzee akiuliza?"

"Hajauliza."

Hilo neno, hajauliza, nimelikuta sehemu nyingi sana katika maisha yetu. Viwanja vimeuzwa mara mbili chini ya neno hilo. Watu wameoa na kuolewa chini yake. Lina sura ya ukweli, maana kweli hakuna uongo uliosemwa. Lakini nilimkumbusha mdogo wangu jinsi sisi wenyewe tunavyouziana ng'ombe. Ng'ombe anapouzwa kwetu, habari zake huuzwa pamoja naye: amezaa mara ngapi, ni mpole au hupiga teke, ametoka boma gani. Na ng'ombe huyo bado unaweza kumfungua mdomo ukamtazama meno! Injini huwezi kuifungua mdomo barabarani. Ikiwa mnyama anayeonekana anasimuliwa, chuma kisichoonekana kitanyamaziwa kwa haki gani?

Tena sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Bima ya mtu wa tatu huandikwa kwa kufuata kadi. Na katika madaraja yetu ya leseni, A1 ni la pikipiki isiyo na kigari cha pembeni yenye injini chini ya cc 125, na ikizidi hapo daraja ni A. Ile 124 ya kiwandani ilikuwa imekaa chini ya mstari huo kwa ncha ya kucha. Bloki ya 62 iliuruka. Kijana wa mzee yule, akiwa na leseni ya A1 mfukoni, angekuwa anavunja sheria kila asubuhi bila kujua, na siku ya ajali ndiyo angejua.

Nikarudi mezani. Nikasema: "Mzee wangu, kabla hujaweka saini, kuna jambo la kuongeza." Nikalisema. Mdogo wangu alitazama chini. Mzee alikaa kimya, kisha akauliza swali moja tu, ambalo mimi na elimu yangu lilinichukua wiki nzima kulifikia: "Na breki je?"

Breki ni zilezile, akaambiwa. Akaizunguka pikipiki, akaigusa ngoma ya gurudumu la nyuma, akarudi akataja bei mpya. Alitoa laki na nusu. Tukaandika yote mawili: kadi inasema cc 125, bloki iliyofungwa ni ya cc 150, na mnunuzi ameambiwa. Wakatia saini, nami nikatia ya shahidi.

Laki na nusu ile haikuwa ya starehe. Ilikuwa imepangiwa kazi, ada ya dada yake aliyekuwa chuoni, na ilibidi itafutwe kwingine, tena kwa taabu. Mdogo wangu alikaa wiki mbili bila kunisalimu. Siku aliponisalimu alisema: "Ukweli wako kaka, nimeulipia mimi." Ni sentensi nzito na sitaki kuikwepa kwa maneno matamu. Ni kweli. Aliyesema ni mimi, aliyelipa ni yeye. Maadili mengi tunayoyahubiri yana tabia hiyo mbaya, kwamba mhubiri hatoi kitu.

Na hapa ndipo pana hoja iliyo nzito kuliko zote tatu, hoja ya umaskini. Mwenye fedha hapanui bloki. Anakwenda dukani Musoma au Mwanza, ananunua pikipiki ya cc 150 yenye breki zake na kadi yake, mambo yamekwisha. Aliyebanwa ndiye anayelala na spana. Je, hatumwekei maskini masharti ambayo tajiri ameyanunua tayari yamo ndani ya bei? Ndiyo, tunamwekea. Sidhani kwamba kuna namna ya kuliondoa hilo kwa hoja.

Ninachoweza kusema ni kwamba maskini hayuko peke yake kwenye pikipiki ile. Nyuma yake amekaa maskini mwenzake. Mwenye fedha hapandi mishikaki. Mama wa kliniki, mzee wa Nyamwaga, mtoto wa shule anayetembea pembeni mwa barabara akisikia honi, hao wote ni watu wetu. Tukisema kwamba umaskini unamruhusu kijana kunyamaza, tunachosema hasa ni kwamba umaskini wa wale wengine unaruhusu wanyamaziwe. Hapo huruma imegeuka kisu, na kinakata upande uleule wa siku zote.

Kuna jambo jingine lililonishangaza nilipokuwa nalifikiria suala hili. Uongo tuliouzoea ni wa kujikuza. Mwaka 2017 serikali ilitangaza watumishi wa umma zaidi ya 9,900 waliokutwa na vyeti vya kughushi, na nchi nzima ikazungumza. Pale karatasi ilikuwa kubwa na injini ndogo. Ya mdogo wangu ni kinyume chake, injini kubwa na karatasi ndogo, na kwa hiyo hatukuiona kuwa uongo. Tuliiona kama unyenyekevu au ujanja wa kistaarabu. Lakini nguvu inayofichwa inaweza kuumiza kama udhaifu unaofichwa, kwa sababu katika hali zote mbili wengine wanajiandaa kukutana na mtu ambaye hayupo. Breki zilijiandaa kukutana na 124. Bima ilijiandaa kukutana na 125. Walimkuta mwingine.

Basi, nirudi kwenye swali nililoanza nalo. Haki ya kuifungua pikipiki yako unayo. Haki ya kuiongezea unayo pia, na atakayekukataza kwa sababu tu wewe ni wa kijijini mpuuze. Ila ukishaongeza, kazi yako haijaisha pale injini inapowaka. Nenda kwenye breki. Weka breki shuu mpya, na ukipata gurudumu lenye breki ya diski inayolingana na chombo chako, funga. Tazama cheni na spoketi. Peleka kadi ikarekebishwe, na leseni iwe ya daraja lake. Ukimwazima mwenzako, mwambie kabla hajapiga kiki. Ukiuza, sema hata kama hukuulizwa. Na kama unachotaka ni kupanda mlima tu na si kukimbia, jaribu kwanza spoketi kubwa nyuma: utapoteza spidi, utapata mvuto, na hutakuwa na la kumficha mtu. Ajabu ni kwamba ushauri huu wa mwisho, ulio rahisi kuliko yote, ndio unaopendwa kidogo kuliko yote pale kijiweni. Nadhani hapo ndipo tunapojijua tulichokuwa tunakitafuta.

Fundi aliyenibana kwa swali la milimita bado ananibishia. Anasema nikiendelea kuandika hivi nitamharibia biashara. Huenda. Lakini juzi nilimwona akimwambia mteja alete na breki shuu pamoja na bloki, la sivyo hafungi. Mteja alinung'unika, akasema yeye kaja kuongeza injini, si kufanyiwa mtihani. Fundi akamjibu kwamba kama ni injini peke yake aende kwa fundi mwingine. Yule kijana alisimama kidogo, akapapasa mfuko, akaelekea dukani.